Jua la Nyuma ya Kioo

Tarehe 2 Juni

Mdogo wangu,

Simu hupokei, basi nimerudi kwenye kalamu. Mara ya mwisho kukuandikia barua ulikuwa bwenini, unalia sabuni imekwisha. Sasa una mvi kidevuni na bado nakufuata.

Huku wote wazima. Mume wangu kikohozi kimemwachia, anapumua kama watu. Mimi bado nakaa pale mlangoni kwa daktari wa mifugo, naandikisha ng'ombe, mbuzi, na wiki hii mbwa mmoja aliyemeza soksi. Mama Chiriku amepewa zamu ya Jumamosi kule kiwanda cha kushona, kwa hiyo binti yako siku hiyo anashinda kwangu. Jina hilo la Chiriku hatukumpa bure. Anaanza kuongea mlangoni na hanyamazi mpaka nimtie chakula mdomoni.

Swali lake la kwanza ni lile lile: "Shangazi, Kifungo mzima?" Namjibu mzima, kwa sababu sijaambiwa vingine. Tangu wahamie huku mwezi wa nne haipiti siku bila kumtaja huyo kobe wake wa maji. Anakuja kwako likizo ya Desemba, na ameshaanza kukunja nguo. Sasa ni Juni.

Basi niambie. Kobe anakula? Anakua? Na wewe, mguu unasemaje? Mgonjwa haulizwi uji, lakini wewe usipoulizwa husemi kitu.

Dada yako

*

Tarehe 19 Juni

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa kukosa shughuli. Msalimie shemeji, mwambie asirudie sigara. Mguu unaendelea vizuri. Chuma walichonitia kwenye paja kimetulia na magongo nimeyazoea. Ya mguu tuyaache hapo.

Kifungo anakula. Chiriku alipoondoka kobe alikuwa anaenea kwenye kikombe cha chai, sasa haenei. Nimemjengea sanduku la kioo, kazi safi, maji hayaoni pa kutokea. Ile karatasi ya maagizo aliyoniachia binti yako nimeibandika pale pale kwenye sanduku: "Mlishe. Msemeshe. Usimwangushe." Hilo la mwisho naona alinilenga mimi. Mtoto wa miaka tisa anamwandikia hivyo fundi vioo aliyeanguka juzi tu kutoka ghorofa ya pili!

Kuna jambo moja dogo. Jumanne nilimtoa nimsafishie maji, kidole gumba kikagusa ukingo wa gamba, nyuma, upande wa kushoto. Likabonyea. Si sana, ni kama kucha iliyokaa majini. Nikajaribu upande wa kulia, nako vivyo hivyo. Muulize huyo daktari wako, lakini kwa kupitia tu, asije akadhani nimemtesa.

Chiriku asisikie hata neno.

Mdogo wako

*

Tarehe 8 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku mvua imetukimbia na mabomba yanakohoa tu. Shemeji yako anasema sigara hajagusa. Nimemkuta na kiberiti mfukoni.

Sikuuliza kwa kupitia. Nilimsomea daktari barua yako neno kwa neno, mkono wake ukiwa bado ndani ya glavu ya ng'ombe. Alicheka kidogo kuhusu kupitia, kisha akaacha kucheka. Anasema gamba la kobe si kofia aliyovaa, ni mfupa wake, na wa kobe mchanga ni kama wa mtoto mchanga. Likilainika maana yake mwili unalipunja. Usipofanya kitu litapinda, atashindwa kula, na hatafika Desemba. Kasema hivyo, bila kuzunguka, na mimi nimeona nikufikishie bila kuzunguka.

Unamlisha nini? Ikiwa ni nyama ya kusaga peke yake, nakujua, acha. Mpe dagaa wazima na miiba yao, na majani mabichi ukatekate. Maganda ya mayai yachemshe, yakauke, yatwange mpaka yawe unga, umnyunyizie kwenye chakula. Kile kifupa cheupe cha ngisi wanachouziwa wafuga ndege, mtumbukizie agugunegugune. Maji yabadilishwe kabla hayajanuka. Awe na jiwe la kupanda akauke kabisa, maana gamba lisilokauka linaoza. Ukimsugua tumia mswaki laini na maji matupu. Usimpake mafuta ang'ae, na vigamba vikibambuka vyenyewe usivivute.

Na jua. Daktari amelirudia hilo mara tatu. Jua linamfikia?

Dada yako

*

Tarehe 27 Julai

Dada, shikamoo.

Tunamshukuru Mungu, tupo. Fundi viatu wa hapo chini ndiye aliyeniletea barua yako, na anakusalimu ingawa hakujui. Amepata mjukuu wa pili, nyumba nzima imekula keki.

Nyama ya kusaga ndiyo, nilikuwa nampa. Umeniumbua. Nimeacha. Dagaa amenitafutia fundi viatu, na kifupa cha ngisi amekipata kwa muuza kasuku. Mchicha fundi viatu ananiletea kila asubuhi, kobe anaula kuliko mimi. Maganda nimetwanga mpaka jirani wa juu ameuliza kama nafungua mgahawa. Jiwe lipo, anapanda, ananyoosha miguu ya nyuma kama mzee aliye likizo.

Jua usiniulize. Roshani yangu inatazama mashariki, linaingia saa moja asubuhi na linatoka saa saba. Muda wa saa sita nzima anaota jua huyo! Hakuna kobe mjini anayelipata kama yeye.

Lakini gamba bado. Leo limebonyea zaidi ya mwezi uliopita, na upande wa kushoto umeanza kujikunja kwa juu. Daktari wako ana hakika anajua kobe, au anajua ng'ombe tu?

Chiriku umemwambia nini?

Mdogo wako

*

Tarehe 15 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole kwa mahangaiko. Huku tumezika jirani yetu wa mkono wa kushoto, yule mpiga pasi. Alikuwa mgonjwa miezi sita hajamwambia mtu. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Sisemi zaidi.

Chiriku nimemwambia Kifungo anakula mchicha. Ni kweli, kwa hiyo sikudanganya. Alifurahi, akamchorea picha, naiambatanisha. Huyo mwenye magongo ni wewe. Kwa nini umekuwa mkubwa kuliko nyumba, muulize mwenyewe.

Daktari hakukasirika kuhusu ng'ombe. Alisema chakula kimerekebika, jiwe lipo, sasa kuna kitu hatuambiwi. Anataka umweleze mahali penyewe kobe anapootea jua. Kaa hapo, tazama, andika unachokiona mpaka ukutani, usiruke kitu.

Mimi nami nina langu. Nimehesabu barua yako. Dagaa fundi viatu, ngisi fundi viatu, mchicha fundi viatu, barua fundi viatu. Wewe unatoka nje?

Dada yako

*

Tarehe 6 Septemba

Dada, shikamoo, na poleni kwa msiba. Yule mpiga pasi aliwahi kuniunguzia shati la harusi. Mungu amsamehe, mimi nilishamsamehe.

Picha imebandikwa ukutani. Nimekaa kama daktari alivyoagiza na naandika ninachokiona. Roshani ni hatua nne kwa mbili. Sakafu ni ya saruji. Sanduku la Kifungo liko juu ya kimeza cha mbao, na jiwe lake linatazama nje. Mkono wa kulia kiti changu, mkono wa kushoto ndoo. Mbele ni barabara, paa la karakana ya pikipiki, na mti mmoja ambao majani yake hufagiliwa na mama mwenye kitambaa cha njano. Jua limemjaa mpaka mkiani. Saa hizi amefumba macho.

Mbele yangu nimeziba kwa vioo, kutoka sakafuni hadi darini. Wewe hujaviona, nilivitia Machi nilipotoka hospitali. Milimita nane, vipande vitatu, havifunguki. Nilivikata mwenyewe nimekaa kwenye kiti hiki, wenzangu wawili wa kazini wakavisimamisha. Vinafutwa kila siku. Wiki iliyopita ndege alijigonga, ndipo ujue ni vioo vya aina gani. Kioo kizuri ni kile usichokiona.

Hayo ndiyo yote yaliyopo. Mengine uliyouliza nitajibu siku nyingine.

Mdogo wako

*

Tarehe 20 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu fupi leo kwa sababu daktari amenisimamia nimalize.

Tatizo ni vioo vyako.

Anasema jua si kitu kimoja. Mwanga unapita kwenye kioo, joto linapita, lakini ule mwale unaousaidia mwili wa kobe kuyashika madini ya gamba haupiti, unaishia kwenye kioo. Miezi yote hii Kifungo anaota jua lisilo na kitu. Ni kama kunusa sufuria ukasema umekula. Unga wote wa mayai uliomlisha unapita tu mwilini, hauna wa kuushika.

Mtoe nje, jua lenyewe, asubuhi na mapema, kama nusu saa, kisha uongeze polepole. Kila siku. Mweke kwenye karai lenye maji kidogo na kivuli upande mmoja ili akichoka ajifiche. Usimtoe na sanduku lake, kioo juani kitamchemsha kama yai.

Ama kata kipande kimoja cha hivyo vioo. Wewe si fundi?

Dada yako

*

Tarehe 1 Oktoba

Dada, shikamoo.

Hatujambo. Mwambie daktari kwamba nimekata vioo kwa miaka ishirini na sita. Nimeziba benki, nimeziba shule, nimeziba chumba cha upasuaji. Nimeona makochi mekundu yakawa ya waridi nyuma ya vioo vyangu, nimeona mazulia yakichujuka, mapazia yakioza. Nini kiliyachujua kama si jua? Kioo changu kinapitisha kila kitu. Mtu wa ng'ombe asinifundishe kioo.

Na hilo la kukata kipande ni rahisi kusema ukiwa umekaa chini.

Msalimie shemeji. Msalimie Chiriku, mwambie Kifungo hajambo.

Mdogo wako

*

Tarehe 30 Oktoba

Mdogo wangu,

Mwezi mzima nimengoja hasira ikutoke, hujaandika. Mwamba ngoma huvutia kwake, na fundi vioo naye huvutia kioo, sikukasirika. Daktari amesema hata hayo ya makochi ni kweli: iko miale inayopita ikachujua kitambaa, na uko huo mmoja usiopita. Mwenye kochi hauhitaji. Anauhitaji kobe.

Hakuna habari za huku zitakazonisaidia kuchelewesha ninayotaka kusema, basi naisema. Mwishoni mwa Septemba nilitafuta namba ya fundi viatu, nikaipata, nikampigia, kisha nikangoja uniambie mwenyewe. Alijiumauma, mwisho akasema. Tangu Machi hujashuka ngazi. Hata mara moja. Hospitali ulitakiwa kurudi mara tatu na hukwenda. Miezi minane, mtu mzima, unaletewa mchicha!

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini wewe guu umeshalivunja, sijui nikutishe na nini.

Na mimi nina nililokuficha. Tangu Agosti mama Chiriku ameniambia wazi: mtoto hatapanda basi siku nzima kwenda kwa mtu asiyeweza kushuka kumpokea. Uwe wewe mwenyewe stendi, si fundi viatu, ama likizo ataimalizia huku. Nilidhani nitambadilisha mawazo. Sikuweza, na kusema kweli nikiwa mahali pake ningesema hivyo hivyo. Chiriku hajui. Wala hajui gamba la Kifungo ni laini. Kila Jumamosi namdanganya mara mbili, na nimechoka.

Nijibu.

Dada yako

*

Tarehe 22 Novemba

Dada, shikamoo.

Barua ya mwanzo wa Oktoba niliiandika kwa hasira, na hii nimeichelewesha kwa uchovu. Uchovu wenyewe nitakueleza. Shemeji hajambo? Fundi viatu aliniungamia alichokuambia. Nilimnunia siku mbili tu, kwa sababu mchicha ulikwisha.

Siku ile nilipokuandikia mambo ya makochi, jioni nilimtoa Kifungo nimsugue. Hakuvuta kichwa ndani. Kobe asiyejificha akishikwa, dada, hana nguvu ya kujificha. Nilibonyeza gamba mgongoni, si ukingoni, nalo likaitikia. Basi makochi yakanitoka kichwani.

Kesho yake nikachukua almasi ya kukatia vioo na kisu cha kubandulia gundi, nikaenda kwenye kipande cha katikati. Nikaweka rula. Kisha nikafikiria kitakachokuwepo kioo kikitoka: ukingo, hewa, barabara chini. Nilikaa sakafuni na almasi yangu mpaka jua likahama. Vile vioo sikuvitia kwa ajili ya upepo, kama nilivyowaambia watu. Naogopa ukingo. Miaka ishirini na sita nimesimama kwenye madirisha ya watu, na sasa siwezi kukaa kwenye roshani yangu pasipo kitu mbele. Nimekuambia wewe, usimsomee daktari.

Ngazi nazo naziogopa, lakini ngazi zina ukuta pande zote mbili. Ni arobaini na nne. Tatizo likawa mikono: miwili ina magongo, na karatasi inasema usimwangushe. Nikatazama, nikaona mkanda wangu wa kazi umening'inia nyuma ya mlango, wenye mifuko ya vifaa. Sikuwa nimeuvaa tangu siku niliyoanguka. Nikatoa koleo, nikatandika kitambaa kibichi, nikamtia Kifungo mfuko wa kushoto. Akaenea sawasawa.

Siku ya kwanza tulishuka ngazi kumi na moja, nikarudi shati limelowa jasho. Siku ya tatu nikashuka kwa makalio, moja moja, mwalimu wa ghorofa ya kwanza akanipisha na kunisalimu kana kwamba ndivyo watu wanavyoshuka. Namshukuru. Siku ya sita, tarehe saba Oktoba, tukatoka mlangoni. Fundi viatu alinitazama, akasogeza benchi. Karai amelichimba kwenye takataka zake, lina nyufa mbili, nimeziziba kwa gundi ya silikoni.

Tangu hapo kila asubuhi tupo. Kifungo karaini, mimi benchini. Wapita njia wote wana ushauri. Mmoja aliniuliza kama kobe naye anashonwa soli. Wiki ya tatu Kifungo alianza kunikwepa nikimshika, akanikwaruza kidole, nikafurahi mpaka fundi viatu akadhani nimeokota kitu. Leo nimembonyeza mgongo, hausogei. Ukingo unasogea kidogo, kwa mbali.

Daktari wako ni daktari. Mwambie nimesema.

Hospitali nimekwenda. Wamenigombeza, wamenibakishia gongo moja. Stendi nimekwishaipima: ni mitaa mitatu, vituo viwili vya kupumzika, dakika hamsini. Mwambie mama Chiriku anipe tarehe ya basi tu.

Mdogo wako

*

Tarehe 3 Desemba

Mdogo wangu,

Marahaba, na leo naiitikia kwa sauti.

Ukurasa wa mwisho wa barua yako nimempelekea mama Chiriku kiwandani, ameusoma amesimama kati ya cherehani. Aliukunja, akasema basi la tarehe tisa, litafika saa kumi jioni.

Daktari anasema usiache jua hata gamba likikaza, na ule mkunjo wa kushoto usiutarajie kunyooka. Palipopinda pamepinda. Litakalokua kuanzia sasa ndilo litakalokuwa sawa.

La ukingo sijamsomea mtu. Hata mimi siku niliyoletewa habari kwamba umeanguka niliogopa, na sijawahi kukuambia.

Dada yako

*

Tarehe 12 Desemba

Dada, shikamoo.

Mzigo umefika. Basi lilichelewa saa mbili, mimi nilikuwepo saa moja kabla, kwa hiyo nimesimama na gongo langu kuliko nilivyosimama mwaka mzima.

Alishuka na mikoba mitatu. Hakunitazama usoni kwanza, alitazama mkanda. Akamtoa Kifungo, akamgeuza huku na huku, akabonyeza ukingo kwa kidole gumba. Sijui nani alimfundisha. Akasema, "Gumu." Kisha akaona mkunjo. "Baba, hapa palikuwaje?" Nikamwambia hapo nilimweka nyuma ya kioo. Akafikiri, akasema, "Na wewe umekuwa mweusi." Nikamwambia nashinda nje.

Ngazini aliniambia nitangulie, yeye akae nyuma ili nikianguka anidake. Ana kilo ishirini na sita. Nikatangulia. Unamjua huyo mtoto, lakini ngazi zote arobaini na nne hakufungua mdomo.

Leo asubuhi nimeamka nikamkuta ameshamlisha kobe. Ile karatasi iko pale pale, ila imeongezwa mstari kwa kalamu nyekundu. Sasa inasema: "Mlishe. Msemeshe. Usimwangushe. Na wewe usianguke."

Nimeiacha hapo. Tunashuka sasa hivi, jua limeshafika kwa fundi viatu.

Mdogo wako